Habari za Wanyama wa Unguja, na Jinsi Kisiwa Kilivyotengwa na Bara

Mgeni akishuka bandarini Unguja na kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe, aghalabu hutazama milango. Milango ile iliyochongwa yastahili kutazamwa, wala hatumlaumu. Lakini sisi tungependa aukaribie ukuta mahali chokaa ilipobanduka, autazame kwa makini. Ataona jiwe lenye vitundu vingi, vingine vimekaa kama nyota, vingine kama sega la nyuki. Jiwe hilo ni tumbawe, nalo si kama mawe ya milima ya Uluguru au Usambara. Ni kazi ya wanyama. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mdogo mno, mwili wake laini, mwenye mikono mingi ya kukamatia chakula majini. Mnyama huyo hujijengea kikombe cha chokaa chini yake, na akifa wengine hujenga juu ya kikombe chake, vizazi kwa vizazi. Basi nyumba za Shangani na Malindi, na Ngome Kongwe, na hata Kanisa Kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, zote zimejengwa kwa mabaki ya wanyama. Askofu Steere alipotaka paa la kanisa hilo, alilifanya kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, nalo limesimama hata leo.

Tumeanza na ukuta kwa sababu wako watu wengi, hata waliosoma, wadhanio ya kuwa elimu ya wanyama ni habari ya nchi za mbali. Sisi wenyewe tulidhani hivyo. Tulipokuwa chuoni tukijifunza ualimu wa sayansi, somo la mabadiliko ya viumbe tulifundishwa kwa mifano ya visiwa vya Galapagos, vilivyo katika Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kusini. Tulichora midomo ya ndege wa huko, minene na myembamba, tukaikariri, tukajibu mtihani vema. Na siku zote hizo tulikuwa tumekaa mwendo wa saa mbili tu kwa boti kutoka katika visiwa vyetu wenyewe, wala hapana aliyetuambia ya kuwa visiwa hivyo navyo vyaweza kusomwa kama kitabu. Walimu wetu nao walifundishwa vivyo hivyo, na kitabu kilichokuwapo ndicho kilichotumika. Lakini tulipokuja kujua, jambo hilo lilituuma, na ndilo lililotutia kuandika habari hii.

Kwanza twende na bahari. Mtu akitoka mjini akaelekea kusini, akapita Kitogani na kufika Jambiani au Makunduchi, ataona nchi imegeuka. Udongo mzito wa magharibi, wenye minazi na mikarafuu, umekwisha. Mbele yake pana mawe yenye ncha kali yaliyofunikwa na vichaka, na mkulima wa huko hupanda muhogo wake katika mashimo ya mawe penye udongo haba. Nchi hiyo wenyeji huiita maweni. Mawe hayo nayo ni matumbawe, nayo yako juu, mbali na maji. Na kwa kuwa mnyama wa tumbawe hajengi katika nchi kavu, basi ama nchi iliinuka, ama bahari ilishuka. Wenye elimu ya miamba wasema yote mawili hutokea, lakini wana hakika ya jambo hili, kwamba bahari ya dunia nzima imepanda na kushuka mara nyingi. Yapata miaka 125,000 iliyopita ilikuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita kadha wa kadha. Kisha ikaja zamani ya baridi kuu, maji mengi yakaganda kuwa barafu nene juu ya nchi za kaskazini, na bahari ikapungua. Yapata miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa mita 120 hivi.

Sasa msomaji na apige hesabu mwenyewe. Mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara, mahali palipo pembamba, una upana wa kilometa 35 hivi, lakini kina chake mahali pengi hakifiki mita 60. Ukiondoa mita 120, hapana maji yaliyobaki. Zamani hizo Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa vilima vya pwani tu, na mtu angeweza kutoka upande wa Bagamoyo akatembea kwa miguu hata mahali ilipo Mkunazini leo, asione bahari njiani, ila pengine alipaswa kuvuka mto.

Je, wako waliotembea? Naam, na nyayo zao zimepatikana, si kwa maana ya unyayo katika tope, bali mabaki ya maisha yao. Karibu na Jambiani liko pango liitwalo Kuumbi. Watu wa huko wamelijua tangu zamani na wengine hufanya matambiko yao humo. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba ndani yake, na baadaye, mwaka 2012, wachimbaji wengine walichimba tena. Walikuta vipande vya mawe vilivyochongwa na watu, makaa, na mifupa mingi, vya tangu yapata miaka 20,000 iliyopita. Na mifupa hiyo ilikuwa ya wanyama gani? Hapa ndipo mtu wa Unguja hushangaa. Ilikuwamo ya punda milia. Ilikuwamo ya nyati, na kuro, na tohe. Kisiwa ambacho leo mnyama wake mkubwa wa porini ni nguruwe na paa, zamani kilikuwa na punda milia waliokula majani karibu na Jambiani, na watu waliowawinda.

Tukumbuke ya kuwa mifupa haiji na majina yake. Mwanafunzi wa elimu ya wanyama hutumia miezi mingi akijifunza kutofautisha jino na jino, na goti la mbuzi na goti la paa. Ni kazi ya kuchosha, nasi twaikumbuka vizuri, maana tulipewa sanduku la mifupa tukaambiwa tuipange, na tulimpa mbwa miguu ya kondoo. Hata wataalamu hutofautiana. Profesa Chami alisema ya kuwa katika tabaka za kale za pango la Kuumbi ilikuwamo mifupa ya wanyama wa kufugwa, hata kuku, wa maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Wale wa baadaye walipopima tena umri wa tabaka na kuichungua mifupa, hawakukubali. Walisema ni wanyama wa porini na ndege wa porini, na ya kuwa baada ya kisiwa kutengwa, pango lilikaa muda mrefu sana bila watu, hata wakaja wengine yapata karne ya 7 baada ya Kristo. Wasomaji wasidhani ya kuwa mabishano haya ni aibu kwa elimu. Sisi twaona kinyume chake. Mfupa uko, umehifadhiwa, na mtu yeyote mwenye ujuzi aweza kuutazama tena.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilirudi. Haikurudi kwa siku moja kama gharika, bali polepole, kizazi hata kizazi, mpaka yapata miaka 10,000 iliyopita maji yalikutana na Unguja ikawa kisiwa. Waliokuwa upande huu walibaki upande huu. Punda milia walikwisha, na nyati wakaisha, kwa kuwa nchi ilikuwa ndogo, na malisho yakageuka kuwa msitu na vichaka, na pengine wawindaji nao walifanya kazi yao. Wengine walidumu.

Hapo ndipo lianzapo somo la vyuoni. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, walitangaza huko London shauri moja ambalo kila mmoja alilifikia peke yake, na mwaka uliofuata Darwin akatoa kitabu chake. Shauri lenyewe mfugaji yeyote aweza kulifahamu. Watoto wa mama mmoja hawafanani kabisa. Mmoja ni mkubwa, mmoja mdogo, mmoja huvumilia njaa, mmoja hushindwa. Katika kila jamii huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kulishwa, na wale ambao maumbile yao yafaa mahali walipo ndio wanaoishi na kuzaa, nao huwarithisha watoto maumbile hayo. Miaka mia haionyeshi jambo kubwa. Miaka maelfu yaonyesha. Na kama kundi limetengwa, lisioane na wenzake wa ng'ambo, basi huenda kwa njia yake, mpaka likawa kabila la pekee, na baadaye aina ya pekee. Mfugaji akitenga mbuzi wachache katika boma lake asichanganye na wengine, baada ya muda wageni husema, "Hawa ni mbuzi wa fulani." Bahari ilifanya boma hilo kwa wanyama wa Unguja.

Mzee mmoja wa kanisa, rafiki yetu, alituuliza kama mtoto wake akienda kusoma elimu hii atarudi akimwambia babu yake alikuwa kima. Tulimjibu ya kuwa hapana kitabu cha elimu hii kinachosema kima alimzaa mtu. Kinachosemwa ni kwamba kima na mtu, wakihesabu nasaba zao nyuma sana, mamilioni ya miaka, huzikuta zinakutana, kama vile koo mbili za kijiji zinavyoweza kukutana kwa babu ambaye hapana aliye hai amwonaye kuwa ni wa ukoo wake peke yake. Mzee akacheka, akasema afadhali hivyo, maana kima humwibia mahindi. Mambo ya roho hatukuyatia katika maelezo yale, kwa kuwa mifupa haina neno la kusema juu yake.

Tukirudi kwenye kima. Katika Unguja yuko kima asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, naye ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu, tumbo jeupe, na nywele ndefu nyeupe kuzunguka uso mweusi. Msomaji aliye bara asimchanganye na tumbili wa kawaida. Ndugu zake wa karibu wako mbali, mmoja katika milima ya Udzungwa, mwingine katika misitu ya mto Tana huko Kenya. Katika pwani inayoikabili Unguja leo hayuko. Basi alifikaje kisiwani? Kima punju haogelei kilometa 35, wala hapana mtu aliyekuwa na haja ya kumpakia. Alikuja kwa miguu, au tuseme kwa matawi, siku zile msitu ulipokuwa umeungana, kisha misitu ya pwani ikapungua na ndugu zake wakatoweka, yeye akabaki. Wataalamu waliopima mafuvu ya kichwa walieleza mwaka 2008 ya kuwa fuvu la kima punju limeachana sana na mafuvu ya ndugu zake wa bara, na ya kuwa limebadilika kwa haraka kuliko ilivyotazamiwa. Kisiwa kimemfinyanga.

Mwili wake una mambo mengi ya kusomwa. Mkono wake una vidole vinne tu, na mahali pa kidole gumba pana kinundu kidogo. Jina ambalo wataalamu huiita jamii yake yote, kolobu, lilitoka katika Kiyunani, maana yake ni kilema aliyekatwa. Tumbo lake lina vyumba, karibu kama tumbo la ng'ombe, na ndani yake vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachusha majani na kuyalainisha. Kwa hiyo aweza kuishi kwa majani na matunda mabichi ambayo kima wengine huyaacha. Tena hula makaa. Tulipoambiwa hivi mara ya kwanza tulidhani ni mzaha, lakini katika mashamba yaliyo karibu na msitu wa Jozani hushuka akachukua makaa penye tanuri au katika jiko lililoachwa, akayatafuna. Sababu yake ilielezwa mwaka 1997. Majani ya mwembe na ya mkungu yana lishe nyingi, lakini yana sumu inayozuia tumbo kuyasaga, na makaa hunyonya sumu hiyo. Mtoto hujifunza kwa kumtazama mamaye. Hii si habari ya damu na urithi, ni habari ya malezi, nasi twapenda kuwaambia wanafunzi wetu ya kuwa hata kima wana shule yao.

Wenyeji humwita punju, yaani sumu, kwa ajili ya harufu yake, na wengine husema mti aliolalia hufa. Mti haufi. Lakini mkulima ambaye vidaka vya minazi yake vimeliwa ana haki ya kunung'unika, nasi hatutaki kuandika kama watu wasio na shamba. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa zamani, ambao wengi wao wamo Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Barabara ya kusini hupita hapo, na zamani magari yaliwaua mara kwa mara. Yalipojengwa matuta barabarani, vifo vilipungua. Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya elimu hii mara nyingine, mtu husoma miaka mitano na shauri analoleta mwishoni ni tuta la barabara.

Yuko tena nunga, paa mdogo mwekundu mwenye mstari mweupe mapajani. Yeye yumo Unguja, na yumo katika misitu ya pwani ya Kenya, Arabuko-Sokoke na Boni, pande zote mbili za maji. Huyo ni shahidi mwingine wa nchi iliyoungana.

Na kama msomaji ataka shahidi wa tatu, avuke aende Pemba. Pemba na Unguja ni ndugu, lugha moja, mvua moja, karafuu moja, na watu wameoleana tangu zamani. Lakini mlango wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 700. Bahari iliposhuka mita 120, Pemba ilibaki kisiwa vilevile, kama ilivyokuwa mamilioni ya miaka kabla ya hapo. Kwa hiyo huko hapakuwa na chui, wala kima punju, ila wale wachache waliopelekwa na watu katika msitu wa Ngezi miaka ya 1970. Badala yao Pemba ina viumbe wake wa pekee, na wengi katika hao ni wenye mabawa, kwa maana hao ndio wawezao kuvuka maji: popo mkubwa mwekundu alaye matunda, ninga wake, chozi wake, bundi wake mdogo, na ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni. Mwanafunzi akiweka visiwa hivi viwili kando kwa kando hahitaji Galapagos. Kimoja kilitengwa jana, kingine zamani sana, na wanyama wa kila kimoja wanasema hivyo.

Hayo yote yalianza kuandikwa na wageni. Kima punju alipewa jina la kitaalamu mwaka 1868 na John Edward Gray huko London, kwa heshima ya Daktari John Kirk, ambaye alisafiri na Livingstone katika Zambezi, kisha akakaa Unguja kama balozi wa Uingereza. Ni Kirk yuleyule wa mapatano ya 1873 na Sultani Barghash yaliyofunga soko la watumwa. Nunga alipewa jina mwaka 1918 kwa heshima ya Daktari Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa viumbe wa serikali ya Unguja, na bundi wa Pemba alielezwa mwaka 1937 na Pakenham, ofisa wa serikali aliyependa ndege. Ngozi na mafuvu yalipelekwa Uingereza, na hapo yalipo ndipo mwanafunzi wa Unguja hupaswa kuandika barua kuomba picha. Ni kweli kwamba mwaka 1925 ilifunguliwa Mnazi Mmoja nyumba ya makumbusho, Beit al-Amani, iliyochorwa na Sinclair kuwa ukumbusho wa amani baada ya vita vya 1914 hata 1918, na humo watoto wa shule waliona wanyama wa nchi yao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ilianza mjini mwaka 1978, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikaanza kufundisha mwaka 2001. Sasa wanafunzi wetu waweza kupima na kuandika wenyewe. Lakini kwa mnyama mmoja walichelewa.

Mnyama huyo ni chui wa Unguja. Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake madogo na ya karibu karibu. Mwaka 1932 Pocock wa London alimtaja kuwa kabila la pekee, akampa naye jina la Aders. Alikuwa mkubwa wa wanyama wala nyama katika kisiwa, na yadhaniwa ya kuwa mwili wake ulipungua kwa sababu mawindo ya kisiwani yalikuwa madogo, paa na pelele na kima. Ikiwa ni hivyo, basi yeye alikuwa mfano bora kuliko wote wa yale tuliyoeleza, maana tungemlinganisha na chui wa Saadani, ng'ambo ya maji, hatua kwa hatua.

Watu wa mashamba hawakumpenda, na tusiwahukumu upesi. Alichukua mbuzi, alichukua mbwa, na palikuwa na vijiji ambavyo mtoto hakuachwa nje baada ya magharibi. Juu ya hofu hiyo ya haki iliwekwa hofu nyingine. Ilisemwa ya kuwa wako wachawi wanaofuga chui, huwalisha na kuwatuma kudhuru jirani, na ya kuwa chui aonekanaye si wa porini bali ni wa fulani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikafanyika kampeni kisiwani kote ya kufichua wachawi na kuua chui, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui akahesabiwa kuwa mnyama mharibifu, na aliyemuua hakuulizwa. Misitu ilikuwa inapungua wakati huohuo. Katika miaka ya 1990 waliotega mashine za kupiga picha msituni hawakupata picha yake hata moja. Jambo la ajabu ni kwamba imani haikufa pamoja naye. Wageni waliotaka kumwona waliambiwa wako wafugaji ambao, wakilipwa, wataweza kumtoa. Wengine walilipa, na chui hakutoka. Mwaka 2018 watengenezaji wa filamu walitangaza ya kuwa mashine yao ilimnasa chui usiku. Wapo waliofurahi na wapo waliotia shaka, na tangu hapo hakuna ushahidi wa pili uliotuliza mashaka hayo.

Kilichobaki ni ngozi chache sana katika makumbusho za dunia. Mmoja aliyejazwa aliwekwa katika makumbusho ya Unguja. Tulimwona zamani tukiwa vijana, manyoya yake yamepauka kwa mwanga hata madoa yakawa kama kivuli cha madoa, na macho yake ni ya kioo. Hapana aliyewahi kumfuata porini kwa daftari mkononi akaandika alikula nini mwezi huu na nini mwezi ule, jike lilizaa wangapi, eneo lake lilikuwa kubwa kiasi gani, na alikaaje na kima punju juu ya mti mmoja. Mambo hayo ndiyo yanayoulizwa vyuoni, na majibu yake yalikuwa yakitembea katika vichaka vya Muyuni na Chwaka hata miaka ya ujana wa baba zetu. Ngozi yaweza kusema rangi na kipimo, na siku hizi hata nasaba, kwa chembe za urithi zilizokauka ndani yake. Mwenendo haumo katika ngozi.

Mwaka uliopita tulipeleka wanafunzi wetu kusini kuona pango na msitu. Jioni tulikaa barazani kwa mzee mmoja, mkulima, ambaye katika ujana wake alilala shambani kulinda mazao. Msichana mmoja wa darasa letu akamwamkia, kisha akamwuliza kama aliwahi kumsikia chui, na kama alimsikia, alikuwa akilia namna gani. Vitabu vyetu havikuwa na jibu la chui wa Unguja. Mzee alinyamaza kidogo, akaweka kikombe chake chini, akaukunja mkono, akaanza kuupeleka mbele na nyuma juu ya goti kama mtu apasuaye ubao kwa msumeno, na kwa koo lake akatoa sauti ya msumeno huo, kavu, mara nne, kisha akapumzika, kisha mara tatu. Watoto walinyamaza. Msichana yule alifungua daftari akaandika.